Mwanza hadi KIA kwa ndege: jinsi ya kukokotoa umbali na muda halisi wa safari

Kati ya kiwanja cha Mwanza na kile cha Kilimanjaro, ambacho wengi tunakiita KIA, kuna kilomita 473 za mstari ulionyooka. Kilomita hizo hazibadiliki. Kinachobadilika ni muda, na hapo ndipo wasafiri wengi hukosea. Mtu hugawa kilomita kwa kasi ya ndege, akapata dakika 43, akapanga kikao Arusha saa mbili baada ya ndege kuondoka Mwanza, kisha akafika kikao kimeanza zamani. Mwongozo huu unaonyesha hesabu nzima kwa mkono, kuanzia umbali hadi saa ya kuondoka nyumbani. Ukishaielewa kwa njia hii moja, utaitumia kwa viwanja vingine viwili vyovyote vya ukanda wetu.

Unachohitaji ni simu yenye kikokotoo cha kisayansi (kwenye simu nyingi ukiigeuza ilale, vitufe vya ziada hutokea), karatasi, na robo saa ya utulivu.

HATUA YA 1: Hakikisha unapima viwanja sahihi

Kila kiwanja kina alama mbili. Ya herufi tatu ndiyo iliyo kwenye tiketi na kwenye lebo ya begi. Ya herufi nne hutumiwa na marubani na waongoza ndege, na kwa Tanzania Bara na Visiwani zote huanza na HT. Mwanza ni MWZ na HTMW. Kilimanjaro ni JRO na HTKJ.

Arusha wana kiwanja chao kingine, kile cha Kisongo, magharibi mwa jiji, na alama yake ni ARK. Kati ya ARK na JRO kuna karibu kilomita 49 za angani, na kwa barabara unakatiza jiji zima la Arusha. Ukiandika "Arusha" kwenye tovuti ya tiketi unaweza kuletewa vyote viwili kwa mpigo. Anayekuja kukupokea akienda Kisongo wakati wewe umetua KIA, mmoja wenu atasubiri zaidi ya saa nzima. Soma zile herufi tatu, usisome jina la mji.

Kosa lingine hutokea kwenye ramani ya simu. Andika "Kilimanjaro" peke yake, alama inaweza kuangukia kilele cha mlima. Kibo kiko karibu kilomita 50 kaskazini mashariki mwa kiwanja, hivyo kila kipimo utakachochukua baada ya hapo kitakuwa kimepinda. Tafuta kwa jina kamili la kiwanja, kisha sogeza alama mwenyewe hadi ikae juu ya barabara ya kurukia ndege.

HATUA YA 2: Pata nyuzi na uzigeuze kuwa desimali

Mahali pa kiwanja huandikwa kwa nyuzi, dakika na sekunde:

Mwanza: 02°26'40" Kusini, 032°55'57" Mashariki, kimo futi 3,763 (mita 1,147).
Kilimanjaro: 03°25'46" Kusini, 037°04'28" Mashariki, kimo futi 2,932 (mita 894).

Ili ukokotoe, gawa dakika kwa 60, gawa sekunde kwa 3,600, kisha jumlisha na nyuzi. Latitudo ya KIA: 25 ÷ 60 = 0.4167, na 46 ÷ 3,600 = 0.0128, jumla 3.429. Fanya hivyo kwa zote nne:

Mwanza: 2.444 Kusini, 32.933 Mashariki.
KIA: 3.429 Kusini, 37.074 Mashariki.

Usichukue tarakimu zilivyo na kuziwekea nukta. Longitudo ya Mwanza, 32°55'57", ukiisoma kama 32.5557 umeusogeza uwanja kilomita 42 kuelekea magharibi, na hesabu yako haitakuonyesha dalili yoyote kwamba kuna kosa.

HATUA YA 3: Kokotoa umbali

Jambo zuri la kuishi karibu na ikweta ni kwamba hesabu ngumu za duara la dunia hatuzihitaji kwa safari fupi. Kanuni ya pembetatu mraba tuliyofundishwa sekondari inatosha.

Nyuzi moja ya latitudo ni maili 60 za baharini, na maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Marubani hupima kwa maili hizo, na kasi yao hupimwa kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Tutazitumia nazo, kwa sababu zinarahisisha hesabu ya muda huko mbele.

Tofauti ya latitudo: 3.429 − 2.444 = 0.985. Zidisha kwa 60, unapata maili 59.1.

Tofauti ya longitudo: 37.074 − 32.933 = 4.141. Zidisha kwa 60, unapata 248.5. Lakini mistari ya longitudo husogeleana kadiri unavyokwenda mbali na ikweta, kwa hiyo zidisha tena kwa kosaini ya latitudo ya katikati. Katikati ya 2.444 na 3.429 ni 2.937, na kosaini yake ni 0.9987. Unapata maili 248.1.

Sasa pembetatu: 59.1 × 59.1 = 3,493. 248.1 × 248.1 = 61,554. Jumla 65,047. Kipeuo chake cha pili ni 255. Umbali ni maili 255 za baharini, sawa na kilomita 472. Ukitumia kipimo cha dunia ilivyo, iliyovimba kidogo kwenye ikweta, unapata 473. Kilomita moja katika mia nne na sabini haimnyimi mtu usingizi.

Angalia mambo mawili kabla ya kuendelea. Kwanza, kikokotoo kiwe kwenye DEG (kinachosoma pembe kwa nyuzi), kisiwe kwenye RAD (kinachosoma kwa radiani, kipimo kingine cha pembe). Kosa hili ni baya kwa sababu linajificha: kwenye RAD kosaini ya 2.937 inatoka −0.979, alama ya kutoa inapotea unapozidisha namba kwa yenyewe, na mwisho unapata kilomita 464. Inaonekana ni jibu la kweli kabisa, kumbe si lenyewe. Ukiona kosaini hasi kwenye nchi zetu, simama hapo hapo.

Pili, tumetoa latitudo kwa sababu viwanja vyote viwili viko kusini mwa ikweta. Ukipima Mwanza na Entebbe, ambayo iko kaskazini kidogo tu ya ikweta, latitudo hujumlishwa, hazitolewi.

Kwa kuhakiki, fungua ramani ya Google, bonyeza kwa muda juu ya barabara ya kurukia ya Mwanza, chagua "Pima umbali", kisha sogeza hadi ile ya KIA. Ikikupa namba inayokaribia 473, uko sawa. Ikikupa karibu 800, umeomba njia ya gari badala ya kipimo cha mstari. Na njia hii ya pembetatu usiipeleke kwenye safari ndefu kama ya Dar es Salaam hadi London. Huko duara la dunia lina uzito na kanuni yake ni nyingine.

HATUA YA 4: Fuata mstari ardhini

Hatua hii wengi huiruka, nasi tunaona ndiyo inayoeleza kwa nini ndege haifanyi kama karatasi inavyosema.

Mstari kutoka Mwanza unaelekea nyuzi 103, yaani mashariki, ukiinama kidogo kusini. Unapita juu ya Magu, kisha kaskazini kidogo ya Bariadi, unaingia kusini mwa Serengeti jirani na Ndutu, unakatiza Bonde la Olduvai, unagusa upande wa kaskazini wa kreta ya Ngorongoro, unavuka Bonde la Ufa na kupita Monduli, kisha unafika juu ya Arusha. Hapo kilele cha Meru, mita 4,566, kinabaki mkono wa kushoto, kama kilomita 12 tu kutoka kwenye mstari. KIA iko kilomita 41 mbele ya Meru.

Soma tena hizo namba mbili za mwisho ukiwa na akili ya rubani. Ndege ya abiria huanza kushuka ikiwa bado maili 60 au 90 kutoka kiwanjani. Maana yake inashuka ikiwa juu ya nyanda za juu za Ngorongoro, ambazo zina vilele vya zaidi ya mita 3,000, kisha inapita kando ya Meru. Kukiwa na mawingu mazito haiwezi kushuka itakavyo. Hubaki juu ya kimo cha usalama kilichowekwa, hufuata njia iliyochorwa kwa ajili ya kiwanja hicho, na pengine huzunguka kabla ya kutua. Barabara ya kurukia ya KIA imelala mashariki–magharibi na ina urefu wa mita 3,600 hivi. Upepo ukitoka mashariki, kama ilivyo mara nyingi, ndege inayotoka Mwanza huingia karibu moja kwa moja. Ukigeuka, lazima ipite kiwanja, igeuke, irudi. Hapo ongeza dakika tano hadi nane.

Kwa anayependa kuona nchi: ukienda KIA kaa kushoto. Ol Doinyo Lengai, Meru na Kilimanjaro vyote viko upande huo. Ziwa Manyara liko kulia.

HATUA YA 5: Geuza umbali kuwa dakika za angani

Ndege haisafiri kwa kasi yake ya juu tangu inapoacha ardhi. Hupanda polepole, hukimbia, kisha hupunguza mwendo ikishuka. Kwa safari ya maili 255, kupanda na kushuka ni karibu nusu ya njia. Hii ndiyo sababu kubwa ya watu kukosea.

Tuchukue Dash 8 Q400, ndege ya mapanga yenye mwendo mkubwa ambayo Air Tanzania wanayo. Tuseme itapanda hadi futi 23,000. Kimo hicho hakikuchaguliwa kiholela: kwa kanuni za anga, wanaoelekea upande wa mashariki hupewa maelfu yasiyogawanyika kwa mbili (19, 21, 23) na wanaoelekea magharibi hupewa yanayogawanyika (18, 20, 22), ili wanaopishana wasikutane.

Kupanda: kutoka futi 3,763 hadi 23,000 ni futi 19,237. Kwa wastani wa futi 1,400 kwa dakika, ni dakika 14. Kasi ya wastani wakati huo ni noti 240, hivyo itakuwa imekwenda maili 56.

Kushuka: hapa marubani wana kanuni nyepesi ya kichwani, maili 3 kwa kila futi 1,000. Kutoka 23,000 hadi 2,932 ni futi 20,068, sawa na maili 60. Kwa wastani wa noti 270, ni dakika 13.

Katikati: 255 − 56 − 60 = maili 139. Kwa noti 350, ni dakika 24.

Ongeza dakika 5 za kujipanga na barabara ya kurukia. Jumla ya angani ni 14 + 13 + 24 + 5 = dakika 56.

Linganisha na zile dakika 43 za mwanzo. Bado hatujahesabu hata mwendo wa ardhini.

Kwa ATR 72, aina inayotumiwa na Precision Air, weka futi 17,000, noti 270 za katikati, kupanda futi 1,000 kwa dakika kwa noti 190, kushuka kwa noti 230. Utapata dakika 67 angani. Kwa Airbus A220-300, weka futi 33,000, noti 445, kupanda futi 2,000 kwa dakika kwa noti 340, kushuka kwa noti 330. Utapata dakika 47.

Tazama hapo vizuri. Airbus ina kasi ya juu inayoizidi Q400 kwa karibu noti 100, lakini katika safari hii inaokoa dakika 9 tu, kwa sababu inapanda juu zaidi na kubaki kwenye kasi yake kamili kwa dakika 11 pekee. Anayelipa zaidi ili tu apande jeti kati ya Mwanza na KIA ananunua dakika tisa. Kwa safari ya Mwanza–Dar, ambayo ni maili 460, faida inaanza kuonekana.

Caravan, zile ndege ndogo za injini moja zinazotua kwenye viwanja vya mbugani, huenda kwa noti 160 hivi. Maili 255 kwa kasi hiyo ni saa 1 na dakika 36 bila kituo, na mara nyingi kuna kituo Serengeti. Kila kituo kiongezee dakika 20 hadi 30.

Upepo? Huku kwetu pepo za juu kwenye vimo hivi kwa kawaida hutoka mashariki, kwa hiyo kwenda KIA ndege hupigwa usoni na kurudi Mwanza husukumwa mgongoni. Lakini noti 15 za upepo kwenye zile maili 139 za katikati hubadilisha dakika moja tu kwa Q400. Usipoteze muda kuuhesabu kwenye safari fupi.

HATUA YA 6: Muda wa tiketi si muda wa angani

Saa zilizo kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na huishia inaposimama kwenye maegesho. Ongeza dakika 10 kwa mwendo wa ardhini wa pande zote mbili: Q400 inakuwa saa 1 na dakika 6, ATR saa 1 na dakika 17, A220 dakika 57. Mashirika huongeza tena dakika 5 hadi 15 za akiba kwenye ratiba, ndiyo maana ndege ikiondoka kwa wakati mara nyingi huwahi kufika.

Ukitaka njia ya mkato ya kukumbuka: gawa maili kwa kasi ya juu ya ndege, kisha ongeza dakika 20 hadi 23. Mwanza–Dar kwa jeti: 460 ÷ 445 ni dakika 62, ongeza 23, unapata saa 1 na dakika 25.

Kwa kuhakiki na hali halisi, fungua programu ya kufuatilia ndege kama Flightradar24, andika namba ya safari, angalia siku saba zilizopita. Usichukue siku iliyo bora wala iliyo mbaya. Panga zile saba kwa mfuatano, chukua ya katikati. Kumbuka programu hizo mara nyingi huonyesha saa za UTC, yaani saa ya pamoja ya kimataifa, nasi tuko mbele yake kwa saa tatu.

HATUA YA 7: Isome saa ya tiketi kwa saa za kwetu

Tungeweza kuiweka hatua hii mwanzoni kabisa, kwa sababu inawaachisha watu ndege kuliko mvua. Tiketi huandikwa kwa mfumo wa saa 24 kuanzia usiku wa manane, nasi tunahesabu kuanzia mapambazuko. Tofauti ni saa sita.

07:00 kwenye tiketi ni saa 1 asubuhi. Si saa 7 mchana. 13:15 ndiyo saa 7:15 mchana. 19:20 ni saa 1:20 usiku. Ukimpigia ndugu yako simu akupokee, mtajie kwa saa za Kiswahili na useme asubuhi, mchana au usiku. Kisha mtumie na ile ya tiketi kwa ujumbe ili asiwe na la kukisia.

Mtego mkubwa zaidi ni tarehe. Ndege ya Jumatano 00:30 huondoka saa 6:30 ya usiku ambao sisi tunauita usiku wa kuamkia Jumatano. Unatakiwa uwe kiwanjani Jumanne jioni. Anayekwenda Jumatano usiku amechelewa kwa siku nzima. Kwa safari za ndani hili hutokea mara chache, ila KIA ina ndege za kimataifa za usiku, na wengi wanaotoka Mwanza wanakwenda kuunganisha hizo.

HATUA YA 8: Kama hakuna ndege ya moja kwa moja siku hiyo

Safari za moja kwa moja kati ya Mwanza na KIA hazipo kila siku, na ratiba hubadilika kwa misimu. Ukikosa, njia ya kawaida ni kupitia Dar es Salaam. Pima kwa kanuni ile ile: Mwanza–Dar ni kilomita 852, Dar–KIA ni kilomita 450. Jumla kilomita 1,302, karibu mara tatu ya mstari ulionyooka. Kwa jeti ni dakika 85 na dakika 56 za tiketi kabla ya akiba ya ratiba, pamoja na muda wa kusubiri Dar.

Muda huo wa kusubiri ndio unaoamua kila kitu. Ukiwa na tiketi moja yenye safari zote mbili, begi hupewa lebo hadi JRO, na ndege ya kwanza ikichelewa shirika ndilo linalobeba mzigo wa kukutafutia nyingine. Ukinunua tiketi mbili tofauti kwa kuwa ni rahisi kwa bei, unalichukua begi mwenyewe Dar, unapanga foleni upya, na ukichelewa tiketi ya pili ni hasara yako. Kwa tiketi moja, saa moja na nusu hadi mbili zinatosha. Kwa tiketi mbili usikubali pungufu ya saa tatu. Angalia pia namba ya jengo: Dar ina majengo zaidi ya moja ya abiria, nayo hayako mlango kwa mlango. Soma "Terminal" kwenye tiketi zote mbili.

Basi nalo lisidharauliwe. Mwanza hadi Arusha kwa Shinyanga, Nzega, Singida na Babati ni karibu kilomita 800, na ni safari ya siku nzima, saa 12 hadi 14. Njia ya kukatiza Serengeti ni fupi kwa kilomita, ila ina ada za hifadhi, mwendo wa kilomita 50 kwa saa na mageti yenye saa za kufungwa, kwa hiyo si njia ya mtu mwenye haraka. Kupitia Dar ukijumlisha kila kitu, mlango hadi mlango, ni saa 8 hadi 10. Tofauti na basi ni saa nne hivi. Kama bei ya ndege ni mara kadhaa ya nauli ya basi, pima mwenyewe thamani ya saa hizo nne.

HATUA YA 9: Jumlisha mlango hadi mlango

Anza na saa unayotakiwa kuwa umefika, kisha rudi nyuma. Tuseme unatakiwa uwe katikati ya Arusha saa 8:00 mchana, na ndege ni Q400 ya moja kwa moja.

KIA hadi katikati ya Arusha ni kilomita 46 hivi, dakika 50 hadi 70. Kutoka ndani ya ndege na kuchukua begi, dakika 25. Muda wa tiketi pamoja na akiba, saa 1 na dakika 15. Kufika kiwanjani Mwanza, saa 1 na nusu kabla ya ndege kuondoka. Kaunta za safari za ndani kwa kawaida hufungwa dakika 30 hadi 45 kabla, na zikifungwa hazifunguliwi kwa maombi. Kutoka Nyegezi hadi kiwanjani kupitia mjini na Pasiansi, weka saa nzima.

Jumla ni saa 5 na dakika 20. Lazima uwe umetoka nyumbani saa 2:40 asubuhi, na ndege iwe ni ya kuondoka kabla au saa 5:10 asubuhi, yaani 11:10 kwenye tiketi. Katika saa hizo tano na ushei, angani unakaa dakika 56 tu. Ndiyo maana kuwahi barabarani Mwanza kuna faida kubwa kuliko kuchagua aina ya ndege.

Yanayochelewesha, na wakati wake

Ziwa Victoria lina tabia yake. Usiku nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto, na radi hukusanyika juu ya ziwa hadi alfajiri. Mchana hali hugeuka, mvua huhamia nchi kavu. Kwa hiyo miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, ndege ya alfajiri Mwanza iko kwenye hatari ya dhoruba ya ziwani, na ile ya alasiri iko kwenye hatari ya mawingu marefu ya nchi kavu njiani. Ya katikati ya asubuhi, kati ya saa 3 na saa 6, mara nyingi ndiyo tulivu zaidi. Upande wa KIA, Juni hadi Agosti, asubuhi huwa na mawingu ya chini yanayofunika miguu ya milima. Mara nyingi huinuka jua likipanda.

Sababu nyingine haina uhusiano na hewa kabisa. Ndege moja hufanya safari kadhaa kwa siku, na ikichelewa asubuhi Dar, huchelewa na kwenu mchana. Siku ya safari, fuatilia ndege yako ilipo tangu asubuhi, badala ya kungoja ujumbe wa shirika. Ukiona bado haijaondoka kituo cha kabla ya chako, umeshajua.

Mzigo, kwa wanaotoka Mwanza

Wengi huondoka na sato au sangara. Wagandishe usiku mzima hadi wawe jiwe, usiwabebe wabichi na barafu, kwa kuwa barafu huyeyuka na boksi linalovuja hukataliwa kaunta. Tumia ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana au boksi la kuhifadhia baridi, lifunge kwa utepe wa gundi pande zote, andika jina na namba ya simu. Pima nyumbani: uzito unaoruhusiwa mara nyingi ni kilo 23 kwa ndege kubwa, wakati ndege ndogo za Caravan hutaka kilo 15 na begi laini lisilo na fremu, kwa sababu sehemu ya mizigo ni nyembamba na kila kilo huingia kwenye hesabu ya kupaa. Samaki waliogandishwa vizuri hustahimili hizo saa tano. Kama unapitia Dar kwa tiketi mbili, waache.

Ukifika KIA

Kiwanja kiko katikati ya Arusha na Moshi, na hakiko kando ya barabara kuu. Kutoka jengo la abiria hadi njia panda ya KIA ni kilomita 6 hivi. Mchana unaweza kuchukua bodaboda au teksi hadi njia panda, kisha ukapanda Coaster ya kwenda upande unaotaka. Ni nafuu sana kuliko teksi ya moja kwa moja, ila ongeza nusu saa kwenye hesabu yako. Usiku usitegemee njia hiyo. Patana na dereva kabla hujapanda ndege Mwanza, umtumie namba ya safari yenyewe na siyo saa peke yake, ili ndege ikichelewa aione mwenyewe kwenye simu na asigeuze gari kurudi mjini.